Gego la mtu mzima nalo linastahili kinga

Juzi redioni msikilizaji mmoja aliuliza kama mtu wa miaka 35 anaweza kuzibiwa mifereji ya magego kabla hayajatoboka. Mtangazaji akamkata kauli: "Hayo ni ya watoto wa shule, kaka. Wewe subiri liume, ukang'oe." Studio nzima ikacheka. Mimi nilikasirika, na hasira haijaniisha.

Juu ya gego kuna mifereji, na mingine ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Sugua asubuhi na jioni, mswaki haufiki chini. Sukari inafika, bakteria wanafika, na tindikali wanayoitoa inalila jino humo humo. Mtoto wa miaka 6 anayeota gego lake la kwanza la ukubwani ana mifereji hiyo, na baba yake anayo. Tangu lini bakteria wakadai cheti cha kuzaliwa?

Kazi yenyewe haina sindano wala mashine ya kuchimba jino. Gego husafishwa, hupakwa tindikali kwa muda mfupi ili lishike, hukaushwa, kisha utomvu maalumu humiminwa mferejini na kugandishwa kwa taa ya bluu. Mbinu hiyo ya kushikisha utomvu kwenye jino aliionyesha Michael Buonocore huko Marekani mwaka 1955. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kikaandika waziwazi kwamba watu wazima walio hatarini nao wazibiwe. Ila bima nyingi za hukohuko hulipia watoto tu, na ubahili wa bima ndio watu wanaougeuza kuwa ushauri wa afya!

Eti babu zetu walizikwa na meno yao yote. Babu yupi? Wangu alitafunia upande mmoja hadi kufa kwake, na wala hakuwahi kunywa soda kila mchana. Na haohao wanaomtaja babu ndio wanaotoa fedha kung'arisha meno ya mbele kwa ajili ya picha za harusi, huku magego yanaoza nyuma.

Ukienda kwa daktari wa meno, usingoje kumwonyesha linalouma. Mwambie akague yaliyo mazima, na lenye mifereji yenye kina alizibe. Gego la ukubwani likishang'olewa, halioti tena.