MBONA BEI IKO JUU HIVYO? (Neno kwa fundi na kwa mteja wake)



Leo naongea na wewe unayekula kwa kazi ya mikono yako: welda, seremala, mshonaji, plamba, mpaka rangi, msusi. Na kama wewe ni mteja, usipite. Ya kwako iko hapo chini.

Kuna swali moja linalowachoma mafundi wengi: "Mbona bei iko juu hivyo?" Likishatoka mdomoni mwa mteja, mmoja ananuna. Mwingine anajibu, "Kama huna pesa, si uende!" Wa tatu anaogopa kupoteza kazi, anakubali bei yoyote, halafu moyoni anaanza kupanga atakavyorudisha hasara yake. Mimi naamini jibu lako kwa swali hilo linaonyesha wokovu wako kuliko stika ya "Yesu ni Bwana" uliyobandika mlangoni mwa karakana.

Kwanza, elewa kwamba mteja akiuliza, hajakutukana. Soma Mithali 20:14. Mnunuzi yuko pale anaponda bidhaa, akishalipa na kuondoka anajisifu jinsi alivyopata kitu kizuri. Biblia inaijua soko! Aliyeandika maneno hayo angetembea leo Gikomba au Kongowea asingeshangaa hata kidogo. Tena Bwana Yesu katika Luka 14:28 anauliza ni nani atakayejenga mnara bila kuketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Mama anayekuuliza bei ana karo, ana kodi ya nyumba, ana unga wa kununua. Yuko kwenye hesabu yake. Msaidie kuhesabu.

Pia kuna wateja wanaouliza kwa sababu walishaumwa. Fundi fulani aliangalia gari lao, akaangalia viatu vyao, ndipo akataja bei. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndugu yangu, bei ya kuangalia sura ni mizani ya uongo, na Mithali 11:1 inasema wazi Mungu anaionaje. Kazi ni ile ile, vifaa ni vile vile, basi bei ya mwenye gari na bei ya mwenye kutembea iwe moja.

Pili, fungua hesabu yako. Tuseme mteja anataka geti na wewe umemwambia shilingi 45,000. Ameshtuka. Chukua karatasi umwandikie: chuma 26,000. Bawaba na kufuli 3,500. Umeme na vijiti vya kuchomelea 1,500. Rangi 3,000. Usafiri 2,000. Kazi ya mikono 9,000, watu wawili kwa siku tatu, yaani 1,500 kwa kila mtu kwa siku. Sasa mteja anaona pesa yake inaenda wapi. Wengi wanaobishana na fundi wanadhani ile 45,000 yote inaingia mfukoni mwake.

Andika na tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Tunajua EPRA hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na ikipanda, usafiri wa vyuma unaweza kupanda nayo. Mteja akijua mapema, hatakuita mwongo baadaye.

Tatu, na hapa nakuomba unisikilize sana. Mteja huyo anasema, "Fundi mwingine ameniambia 30,000." Na wewe, kwa sababu hujapata kazi wiki nzima, unasema, "Sawa mama, lete dipositi."

Hebu turudi kwenye karatasi. Vifaa na usafiri peke yake ni 36,000. Umekubali 30,000. Kazi yako ya siku tatu imekuwa bure, na bado kuna 6,000 haipo. Hiyo 6,000 itatoka wapi?

Wewe unajua itakapotoka. Mlikubaliana chuma cha geji 16, utaweka geji 18 ambacho ni chembamba, kwa sababu kikishapakwa rangi mama hawezi kujua. Mahali pa kuchomelea mstari mzima, utadonoa hapa na pale. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu utairuka. Geti litang'aa siku ya kulipeleka, na mama atakushukuru na kukuombea baraka. Mvua za masika mbili zikipita, kutu inaanza kuongea.

Mpendwa, huo ni wizi. Hukuchomoa pochi ya mtu kwenye matatu, lakini umechukua chake akiwa anakuamini. Na ndiye yule yule mnayekaa naye benchi moja Jumapili mkiinua mikono.

Afadhali upoteze kazi kuliko kuibia kazi. Kuna njia za haki za kushusha bei. Mwambie, "Mama, kwa 30,000 siwezi geti hili, lakini tukiondoa haya maua na tulifanye dogo kidogo, naweza kukupigia hesabu nyingine." Au mwambie anunue vifaa mwenyewe, wewe umtoze kazi tu. Au mkubaliane alipe kwa awamu. Au ukiamua kwa moyo kupunguza ile 9,000 yako, punguza, ni yako, lakini usinung'unike na usiiguse pesa ya chuma. Yote yakishindikana, mwage kwa upole: "Sawa mama, ukinihitaji niko hapa." Mteja aliyeondoka kwa amani anaweza kurudi. Aliyetukanwa harudi, na anaenda na majirani zake.

Usione haya kutaja bei ya haki. Katika Kutoka 31 Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina na kusema amemjaza Roho kwa ajili ya ufundi: dhahabu, fedha, shaba, mawe, mbao. Hakuwa nabii. Alikuwa fundi. Mikono yako ina thamani mbinguni, usiiuze kama mtumba wa mwisho kwenye marobota.

Sasa wewe mteja, hasa mteja uliyeokoka. Kuuliza bei ni haki yako. Kumkamua mtu kwa sababu mnasali pamoja si haki yako. Tumezoea kusema, "Wewe ni ndugu, nifanyie ya kanisa." Lakini duka la vifaa halimpi fundi bei ya kanisa. Watoto wake hawali ugali wa kanisa. Kama kweli ni ndugu yako, ungekuwa wa kwanza kumlipa vizuri. Na ukishakubali bei, lipa. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana anasikia. Fundi anakupigia simu mara tano huchukui, halafu unakesha ukiomba mlango wa biashara ufunguliwe?

Na sisi wachungaji tumo humo. Arauna alitaka kumpa Daudi uwanja wake bure pamoja na ng'ombe. Daudi alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu (2 Samweli 24:24). Madirisha ya kanisa yalipiwe. Fundi akitaka kutoa kazi yake kama sadaka, aamue mwenyewe nyumbani kwake, si mbele ya kamati ya ujenzi inayomkazia macho.

Wiki hii, fundi, mteja wa kwanza akikuuliza mbona bei iko juu, usinune. Chukua karatasi. Na wewe mteja, kama kuna fundi unamdai subira wakati yeye anakudai pesa, mtumie M-Pesa leo kabla hujalala.

Tuombe: Baba, bariki kazi ya mikono ya watoto wako. Wape mafundi ujasiri wa kutaja bei ya haki na uaminifu mahali ambapo mteja haoni. Wape wateja moyo wa kulipa kwa wakati. Katika jina la Yesu, AMINA.

Kama wewe ni fundi, andika kazi yako na mahali ulipo hapo chini, tukutafute. Tutalipa.