Mshahara wa Rubani Katika Ndege ya Ubia

Wakulima wa korosho wa Masasi na Newala wakikodi lori kwa pamoja, kila mmoja hulipia magunia yake, basi. Wapo wanaodhani kuwa ndege nayo yaweza kumilikiwa kwa mtindo huo. Sivyo hata kidogo.

Kampuni ya NetJets ya Marekani, iliyoanza kuuza ndege kwa mafungu mwaka 1986, humtoza mwenye fungu ada ya kila mwezi, aruke asiruke. Ada hiyo hubeba mshahara wa rubani na bima. Mafuta hulipiwa kwa saa za kuruka.

Tuseme wilaya hizi mbili zinunue ndege moja ya wagonjwa, na gharama zake zisizobadilika ziwe shilingi milioni 300 kwa mwaka. Ikiruka saa 100, kila saa hubeba milioni 3 kabla ya tone la mafuta. Ikiruka saa 600, laki 5 tu. Dawa, basi, ni kuirusha zaidi, wala si kumpunja rubani. Rubani aliyepunjwa huhama, na mrithi wake hufundishwa upya kwa gharama kubwa (wala si Masasi).

Newala, ambako maji hupandishwa uwandani kwa pampu, wanalielewa jambo hili: mwendesha pampu hulipwa hata siku ya mvua.

Je, wilaya iliyokaa mwezi mzima bila mgonjwa italipa nini? Jibu liandikwe mkatabani kabla ndege haijanunuliwa. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, lilivunjika mwaka 1977 huku wabia wakigombania michango.