Filme ya mugodi: dekorateri atoke wapi?

Kila mara watu wa filme wanafika kwetu Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, swali la kwanza mu kambi ni: nani atacheza? Mimi niko na swali lingine. Dekorateri ni nani, na walimuandika kazi lini?

Dekorateri si mutu wa kupaka rangi tu. Yeye njo anasoma senario mbele ya wengine na kuandika kila kitu chenye kitaonekana: nyumba, sahani, kaske, kalenda ku ukuta. Anatafuta pahali, anachora, anapiga hesabu ya feza, kisha anasimamia wenye kujenga na wenye kuchunga vitu. Mutu wa kamera anapiga picha ya kile dekorateri alimuwekea. Kama yule hajui mugodi, filme nzima haijui mugodi.

Mwaka 2016 ilitoka filme juu ya mapigano ya Jadotville, ni kusema Likasi yetu, ya mwezi wa 9 mwaka 1961. Waliipiga Afrika ya Kusini. Vita inaonekana vita, sikatai, lakini mutu wa Likasi anatafuta Likasi yake mule na haioni. Raoul Peck naye alipiga «Lumumba» Zimbabwe na Mozambique. Filme ilitoka 2000, kwetu vita ilikuwa inawaka. Yule siwezi kumulaumu. Leo njia iko: Baloji, mwenye alizaliwa Lubumbashi, alikuja kupiga sehemu ya «Augure» hapa hapa, na ile filme ilifika Cannes mwaka 2023.

Angalia tena Wakanda, ile inchi ya «Black Panther». Haiko popote, na ile metali yake ya mugodi haiko. Lakini dekorateri, mama Hannah Beachler, aliiandikia kitabu cha kurasa karibu 500 mbele ya kujenga, na mwaka 2019 akapata Oscar. Inchi ya uongo ilipata kitabu kizima. Kolwezi yenye kuwa kweli, wanaipatia siku tatu.

Siku tatu sizitungi. Ekipe moja ilikuja kwetu kutafuta «nyumba ya mufanyakazi wa zamani». Kijana mwenye waliita dekorateri alifika siku tatu mbele ya kamera. Akachukua kaske ya baba na taa yake ya kichwa, kisha akapaka ukuta wa salon vumbi ya makala, sababu mu kichwa chake nyumba ya mutu wa mugodi lazima ikuwe nyeusi. Mama, mwenye kupaka ule ukuta chokaa kila mwaka, alisimama ku mulango. Akasema: «Baba yenu alikuwa ananawa kwanza ku kazi, njo anaingia humu.» Hakuna mutu alimutafsiria. Walituachia kreti moja ya sukari. Kaske haikurudi.

Lakini vumbi inasafishwa. Yenye kuniuma zaidi ni wachimbaji wa mikono. Dekorateri mwenye hajashuka ku karière anawavalisha kaske mupya na bote za mupira, juu ya picha ikuwe nzuri. Mutu wa Ulaya anaangalia, anasema: kumbe wanachungwa. Na yule kijana wa kweli anashuka na kamba, nyundo na taa yenye kufungwa na mupira ku kichwa, pasipo kaske. Siku shimo likimufunika, nani ataamini mama yake?

Banasema kwetu hakuna mutu wa ile kazi. Ni kweli, dekorateri wa filme kubwa ni wachache. Lakini huu ni muji wa Hangar, ile atelye ya mwaka 1946 yenye kutoa akina Pilipili, Bela na Mwenze. Tuko na Académie des Beaux-Arts. Na Mufwankolo na wenzake walituchekesha ku televizyo na viti vya kawaida, sababu kila mutu aliona nyumba yake mule. Prodikteri alete mugeni kama anataka, lakini amuandike kazi miezi mbele, amupe musaidizi wa hapa mwenye kontra, jina lake liandikwe ku mwisho wa filme, na walipe kwa siku muzee mumoja wa mugodi na muchimbaji mumoja waseme: hapana, haikuwaka hivi.

Na ninyi mama na baba mu kambi, mbele ya kutoa kaske, kiti ao picha ya marehemu, andikeni ku karatasi kitu ni gani, bei ya kukodisha, siku ya kurudisha, na bei kama kinapotea. Pigeni picha na telefone. Dekorateri atie saini, si dereva. Kama anasema hana wakati wa kuandika, aende kuazima kwingine.