Mgeni Naye Asikilizwe

Kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Nchini Kenya, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inampa waziri uwezo wa kumwondosha mgeni anayeishi humo kinyume cha sheria. Lakini Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, maelfu walikamatwa jijini Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh. Wengi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo Wakenya wenye asili ya Kisomali; mamia ya Wasomali walisafirishwa hadi Mogadishu kwa ndege.

Kadhi muadilifu hahukumu kabla ya kumsikiliza mshitakiwa. Basi kila mtu ahukumiwe kwa hati na hoja zake, si kwa kabila lake. Anayetenganishwa na wanawe bila kusikilizwa amedhulumiwa, hata kama amri ya kumfukuza ina muhuri wa serikali.