Betri ya Pili Sawa, Kuunga Nyaya Hapana
Wenye baiskeli za umeme, tuambizane. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ikitumia wati-saa 12 kwa kilomita, unapata kilomita 30, na mlima unazipunguza. Kwa anayekwenda mazoezi ya kufundisha shule ya mbali, betri ya pili si anasa.

Ninachopinga ni hii ya kuunga betri mbili kwa nyaya bwenini. Moja ikiwa imejaa na nyingine imeisha, umeme unakimbilia ile tupu kwa nguvu, nyaya zinachemka, na moto wa betri ya lithiamu huuzimi kwa ndoo moja ya maji. Beba ya akiba kwenye begi, ya kwanza ikiisha unabadilisha. Dakika mbili tu, jamani! Serikali ya wanafunzi nayo itudai sehemu ya kuchajia nje ya vyumba.