Picha ni ile ile, maneno ndiyo tofauti

Rais wa Marekani huapishwa saa sita mchana, tarehe 20 Januari, kwa saa za Washington. Huku kwetu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa mbili kamili usiku: saa ya taarifa ya habari, chakula kiko mezani na watoto hawajalala. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne sherehe hii ya ugenini huingia sebuleni wakati familia nzima iko macho. Mtoto hakuichagua. Anaitazama kwa sababu baba au mama anaitazama.

Hapo maswali huanza. "Huyo ni rais wetu pia?" "Mbona askari wengi, kuna vita?" "Mbona wale hawapigi makofi?" Wengi wetu hujibu, "Hebu nyamaza kwanza, tusikilize."

Mzazi mwenzangu, maswali hayo usiyafukuze. Ni nafasi nzuri ya kumfundisha mtoto jambo atakalolihitaji maisha yake yote ya runinga na simu: kutenganisha anachokiona na anachoambiwa kwamba amekiona.

Kamera moja, watangazaji wengi

Katika sherehe kama hii, vituo vikubwa vya Marekani havipeleki kila kimoja kamera zake kila kona. Hushirikiana. Picha kuu za kiapo hupigwa kwa pamoja, kisha vituo vyote hugawana. Ndiyo maana CNN, Fox News na kituo chako cha nyumbani vinaweza kuonyesha picha ile ile, sekunde ile ile.

Kinachotofautiana ni sauti ya mtangazaji, wageni aliokaa nao studio, na maandishi yanayopita chini ya skrini. Rais aliyeshindwa asipofika, kama Donald Trump alivyokosa kuhudhuria mwaka 2021, mtangazaji mmoja anaweza kulifanya hilo kuwa habari ya siku nzima, mwingine akaligusa na kupita. Kiti hakina mtu kwenye skrini zote mbili, lakini hadithi ni mbili.

Jaribu hivi. Chukua rimoti, zima sauti kwa dakika moja. Muulize mtoto, "Umeona nini?" Kisha rudisha sauti uulize, "Mtangazaji anasema tumeona nini?" Majibu mawili yakipishana, somo limeanza.

Kamera imesimama wapi?

Januari 2017, Trump alipoapishwa kwa mara ya kwanza, ulizuka ubishi mkubwa kuhusu umati. Picha zilizopigwa karibu na jukwaa zilionyesha watu wamejaa. Zilizopigwa kutoka juu, mbali na jukwaa, zilionyesha sehemu kubwa nyeupe zisizo na watu. Vituo vingi viliweka picha hiyo ya juu kando ya ile ya Barack Obama ya mwaka 2009. Siku iliyofuata msemaji wa Ikulu, Sean Spicer, alisimama mbele ya waandishi akidai kwamba hakuna uapisho uliowahi kushuhudiwa na watu wengi kuliko huo.

Huna haja ya kuingia kwenye siasa zao ili mtoto aelewe. Mpe simu siku ya mahafali ya shule au harusi ya jirani. Apige picha moja akiwa katikati ya watu, na nyingine kutoka mwisho kabisa wa ukumbi. Zitazameni pamoja. Zote ni za kweli, lakini moja inasema ukumbi umefurika, nyingine inasema viti ni vitupu. Mtoto aliyewahi kufanya hivyo kwa mkono wake hatadanganywa kirahisi na picha ya umati, iwe ya Washington au ya mkutano wa kampeni mtaani kwenu.

Yasiyofika kwenye skrini

Uapisho wa Obama wa mwaka 2009 uligusa sana ukanda wetu. Kenya ilikwisha kutangaza siku ya mapumziko Novemba 2008 kufurahia ushindi wake, na kijiji cha Kogelo kilijaa kamera. Dunia ilimwona akila kiapo mbele ya umati mkubwa. Lakini Jaji Mkuu John Roberts aliweka neno moja mahali pasipo pake, na siku iliyofuata kiapo kilirudiwa ndani ya Ikulu, bila kamera za televisheni. Mweleze kijana wako hilo. Atajua kwamba hata tukio lililotazamwa na mamilioni lina sehemu isiyoonyeshwa.

Mfano wa Januari 2025 unatuhusu zaidi. Kwa sababu ya baridi, sherehe ilifanyika ndani ya jengo la Bunge, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1985. Watangazaji walizungumzia baridi, kofia ya Melania Trump, na matajiri kama Elon Musk, Jeff Bezos na Mark Zuckerberg walioketi karibu. Wimbo ukaimbwa, hotuba ikaisha, tukazima runinga tukalala.

Jioni ya huko, usiku wa manane kwetu, Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90. Wiki zilizofuata, miradi mingi ya afya katika nchi zetu ilisimama au kuyumba, ikiwemo iliyohudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani. Wapo wazazi waliofika kuchukua dawa bila kujua kama mwezi ujao watazipata.

Karatasi ile haikufichwa. Iliripotiwa. Lakini ilikuja baada ya muziki, na haikuwa na picha ya kuvutia kama ile kofia. Tukimzoeza mtoto kwamba habari ni sherehe, atakua akizima runinga wakati jambo linalomhusu ndiyo kwanza linaanza.

Kila umri na kipimo chake

Watoto walio chini ya miaka saba hawahitaji kukaa hadi mwisho. Mwaka 2021 Washington ilikuwa na askari wapatao 25,000, kwa kuwa wiki mbili kabla jengo la Bunge lilivamiwa, na picha za uvamizi ule zilirudiwa tena na tena. Mtoto mdogo anaweza kudhani kila marudio ni tukio jipya. Mwambie kwa ufupi, "Hiyo ilitokea siku nyingine, mbali na hapa, na imekwisha. Sisi tuko salama." Kisha badilisha kituo.

Wa miaka minane hadi kumi na miwili wanaweza mazoezi ya sauti na kamera. Watayafurahia kama mchezo.

Vijana wa sekondari hawaitazami sherehe nzima. Wanaona vipande vya TikTok na WhatsApp. Usigombe. Mwulize kila kipande kimeanzia wapi na kimekatwa wapi. Asubuhi yake mpe kazi moja: atafute jambo moja lililoamuliwa siku ile linaloigusa nchi yetu, akusimulie wakati wa chai.

Na sherehe zetu je?

Maswali haya haya yaulizwe rais wetu anapoapishwa uwanjani. Kamera inatazama wapi? Nani amealikwa studio, na nani hayupo? Siku ya pili kiliamuliwa nini? Kuna watoto wanaomtambua mke wa rais wa Marekani kwa sura lakini hawalijui jina la diwani wa kata yao, anayeamua kuhusu kisima na kituo cha afya. Hilo si kosa la mtoto. Amejua kile tulichokaa kukitazama pamoja naye.

Uapisho ujao wa Marekani ni Januari 2029. Mwanao wa miaka saba leo atakuwa amekua zaidi. Lakini usisubiri mpaka wakati huo. Taarifa ya habari ipo leo saa mbili usiku, na rimoti iko mkononi mwako. Zima sauti dakika moja, umuulize ameona nini, na umwache amalize jibu lake.