Riwaya za Kusomwa kwenye Baridi ya Ufipa

Jioni za Juni, baridi inapotanda Mwimbi na Sumbawanga, hata mpenzi wa mashairi huhitaji hadithi. Wapo washairi wanaozibeza riwaya pendwa, naona wanajinyima. Apendaye upelelezi wa nchi za baridi, kama ule wa Henning Mankell wa Uswidi, na aanze na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla: Bwana Msa, kiko mdomoni, hufumbua fumbo kwa kufikiri. Apendaye maajabu yenye utu, ashike Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Atakaye mbio, Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla. Lugha isiyosomwa kwa raha hubaki lugha ya mtihani, na washairi wake hukosa wasikilizaji.